Kimya cha Methodius

Walipofika kwenye daraja la magogo, karibu kabisa na Matambarale, kijiji cha kwao, Methodius alizima pikipiki bila kusema kitu. Eva alibaki ameketi nyuma, mikono yake imemzunguka kiunoni, akidhani mafuta yamekwisha.

"Kuna nini, Metho?"

"Hakuna kitu. Nataka nikuangalie kidogo tu."

Akageuka, akamwangalia. Macho yale Eva aliyafahamu tangu mwaka uliopita, siku aliyoripoti kazini Nachingwea na sanduku lake la bati, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Walimu wengine walikuwa wamekaa kivulini wakimtazama. Huyu mmoja, mrefu, mpole, mwalimu wa Kiswahili na Historia aliyewahi kukaa seminari, alinyanyuka akamletea maji ya kunawa kabla hata hajamuuliza jina. Tangu hapo Eva, binti wa Kipare aliyekulia milimani Usangi, hakuona tena kwamba Nachingwea ni mbali na kwao.

Lakini Jumapili hii ya Agosti mwaka 2001, siku ya kwenda kutambulishwa, macho ya Methodius yalikuwa na kitu kingine. Hayakutulia. Yalimgusa Eva usoni, yakakimbilia mtoni, yakarudi tena.

"Mama akikuuliza mambo ya shuleni," alisema, "usimweleze sana. Mjibu kwa kifupi."

"Mambo gani ya shuleni?"

"Basi tu, hizo sayari zako. Vinasaba. Unawajua watu wa huku."

Eva akacheka. "Leo nimekuja kama mkwe, Metho. Chaki nimeiacha Nachingwea."

Methodius hakucheka. Alimshika mkono, akaubana kwa nguvu mpaka Eva akashangaa, kisha akauachia na kuwasha pikipiki.

Mama yake, Mama Magreti, alikuwa uani anapepeta mbaazi, ungo ukipanda na kushuka, maganda yakipeperushwa na upepo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho makubwa kama ya mwanawe. Eva alipiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Mwalimu. Eva alilisikia neno lile likitua baina yao kama kizingiti. Hakuitwa mwanangu, wala binti. Alimkabidhi khanga na sukari alivyomletea, mama akapokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaviweka kando bila kuvitazama.

Aliyempokea kwa uchangamfu alikuwa mjomba Kasmiri, kaka yake Mama Magreti, aliyekuwa bado amevaa shati jeupe la Misa. Katika ukoo wao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ndoa. Isitoshe, Kasmiri alikuwa kiongozi wa jumuiya ya Wakatoliki pale kijijini, mtu ambaye neno lake likitoka asubuhi, jioni limefika kila nyumba.

"Tumsifu Yesu Kristu," alimpima mgeni.

"Milele, amina," Eva alijibu.

"Ahaa! Mlutheri, lakini amefundishwa." Kasmiri alicheka, na kwa muda ule Eva akaamini mambo yatakuwa mazuri.

Walikula kuku na ugali. Methodius alikula matonge machache, akanawa. Mama Magreti alisubiri mpaka vyombo vilipoondolewa, akakaa kwenye mkeka mbele ya Eva, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Mwalimu," alianza, "nasikia unawafundisha watoto kwamba mtu na sokwe ni ndugu."

Eva alimtupia jicho Methodius. Yeye alikuwa anatazama kucha zake.

"Nafundisha baiolojia na fizikia, mama. Mwaka huu wataalamu wametangaza kwamba wamesoma karibu vinasaba vyote vya binadamu. Ni kama maandishi yaliyo ndani ya mwili, yanayosema uwe mrefu au mfupi, macho yako yaweje. Walifikiri mtu atakuwa navyo vingi mno kuliko wanyama. Wamekuta ni vichache kuliko walivyodhani. Na sehemu kubwa inafanana na ya sokwe, ni kweli."

"Kwa hiyo mtu si kitu."

"Hapana, mama. Sikusema hivyo."

"Na hizo dunia nyingine?" mjomba Kasmiri aliuliza, akisogeza kigoda. Udadisi ulikuwa umemshika. "Metho alituambia zimeonekana."

"Ni sayari, mjomba. Zinazunguka nyota nyingine, mbali sana. Zimeshafika makumi sasa."

"Zina watu?"

"Hakuna anayejua."

"Kama wapo, nani aliwapelekea Injili?"

Eva alitabasamu. "Hilo hata mimi namwuliza Mungu, mjomba. Bado hajanijibu."

Kasmiri alicheka tena, lakini Mama Magreti hakucheka.

"Wewe unacheka, kaka," alisema. "Mimi mwanangu huyu nilimtoa kwa Mungu tangu yuko tumboni. Nilikuwa nimeharibikiwa na mimba mbili. Nikasema, huyu akizaliwa mzima ni wako, Bwana. Akazaliwa. Akaenda seminari. Mdogo wake alipofariki, akaniambia, mama, napumzika kidogo. Nikasubiri. Alikuwa anakuja likizo tunakwenda Misa pamoja. Mwaka huu amekuja, hapokei komunyo. Rozari hagusi. Nikamwuliza, Metho, nani amekufanya hivi?" Alimgeukia Eva na kumtazama usoni. "Akanijibu kwamba amekuwa akisoma mambo haya na wewe. Kwamba ukishajua mtu ameumbwaje na mbingu zina nini, huwezi tena kusali kama zamani. Mwenyewe ameniambia, hapo alipokaa."

Uani kuku walikuwa wakidonoa mbaazi kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

Eva alimwangalia Methodius, akisubiri acheke, aseme mama umenielewa vibaya. Maana yeye Eva ndiye aliyekuwa akipiga magoti kila usiku katika chumba chake cha nyumba za walimu. Ndiye aliyemwambia Methodius, zaidi ya mara moja, twende tukasali hata kama huna la kusema. Na Methodius ndiye aliyemwambia, wamekaa kwenye ngazi za maabara, kwamba moyo wake ulifungwa siku ile Namungo, miaka mitatu nyuma, kwenye shimo la dhahabu lililomfukia mdogo wake Dickson. Hakumficha kitu. Walilia pamoja siku ile.

"Metho," Eva alimwita polepole. "Ni kweli ulisema hivyo?"

Methodius alifungua mdomo. Alimtazama mama yake, akamtazama mjomba wake.

"Tuyaache haya," alisema. "Mgeni amechoka."

"Hatuyaachi," Kasmiri alisema, na sasa kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kama ni hivyo, basi ni jambo zito. Binti, mimi huwezi kuniudhi kwa Ulutheri wako. Lakini kumtoa mtu kwenye imani! Watu wa jumuiya wataniuliza, na mimi sitawadanganya. Nitawaambia ni mwalimu Eva wa Nachingwea."

Eva aliinamisha kichwa. Neno lilikuwa ulimini, neno moja tu ambalo lingemsafisha. Alilimeza. Akaomba ruhusa, akatoka nyuma ya nyumba.

Methodius alimfuata. Alimkuta amesimama karibu na mabua ya mbaazi yaliyorundikwa, amejikumbatia kama anayesikia baridi.

"Eva..."

"Ulimwambia ni mimi?"

"Sikukutaja kwa ubaya. Nilisema tunasoma pamoja."

"Ulimwambia nimekunyang'anya Mungu wako, mimi! Unajua ninachokuombea kila siku?"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Methodius aliketi kwenye gogo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini sana. "Dickson alikwenda Namungo kwa ajili yangu. Alitaka anunue ng'ombe wa sherehe ya upadrisho wangu. Alikuwa anatamba kijiji kizima kwamba siku hiyo watu watakula mpaka waombe msaada wa kunyanyuka. Shimo lilipobomoka nilikuwa hapa nyumbani, likizo. Nilikimbia mpaka kule. Wenzake wakawa wanachimba, mimi nimepiga magoti pembeni nasali kwa sauti. Sijawahi kusali hivyo maishani. Nilimwambia Mungu achukue chochote. Wakamtoa, mdomo umejaa udongo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ningemwambiaje mama kwamba tangu siku hiyo namchukia Yule aliyemwacha Dickson afe? Ameshampoteza mmoja. Nikasema ni vitabu. Ni sayansi. Ilikuwa rahisi zaidi kuisikia."

"Rahisi kwa nani, Metho?"

Methodius aliokota bua la mbaazi, akalivunja.

"Ulimpa mimi ili awe na mtu wa kumchukia."

"Na wewe mwenyewe ulichangia!" Methodius aliinuka ghafla, uchungu wake ukigeuka hasira. "Ulinisomea zile habari. Mtu hana cha ajabu. Dunia hii ni kipande cha mchanga kati ya dunia nyingine. Nikafikiri, kama ni hivyo, ndiyo maana hakusikia. Kwa nini asikie? Sisi ni nani?"

"Hukunisikiliza hata siku moja." Machozi sasa yalimtoka Eva, hakuyafuta. "Nilikusomea pia kwamba maandishi yale, pamoja na kufanana kote, kila mtu ana yake. Dickson hakuwahi kuwa na mwingine kama yeye, tangu watu waanze kuwepo. Wanazitafuta dunia za mbali kwa mitambo, na mpaka leo hawajaona hata moja ambayo mtu amekaa nje ya nyumba akimlilia mdogo wake. Ni hapa tu wanapopajua, Metho. Ni Namungo na Matambarale. Mimi nikisoma hayo napiga magoti. Wewe ukisoma hayo unapata pa kujificha."

Methodius alinyoosha mkono, akamgusa shavu. Mkono ule Eva aliupenda, na kwa kitambo kidogo aliegemeza uso wake pale, amefumba macho. Kisha akajitoa.

"Nenda ukawaambie sasa, mimi nikiwepo."

"Nipe muda, Eva. Nitatafuta siku nzuri."

"Siku nzuri ilikuwa leo."

Alimwacha amesimama. Hakutaka kuondoka kama mwizi, kwa hiyo alirudi kuaga. Mama Magreti alikuwa ameingia chumbani kwake, amekaa kitandani, rozari mkononi. Ukutani palikuwa na picha ya kijana anayecheka, amevaa jezi ya mpira, mikono kiunoni. Eva alipiga magoti mlangoni.

"Mama, naomba nikuage. Kuna lori la mbaazi pale barabarani linakwenda Nachingwea."

Mama Magreti alimtazama kwa muda mrefu.

"Mbona hukujitetea?"

"Nilikosa la kusema, mama."

"Ulikuwa nalo. Nilikuona umelimeza."

Eva aliitazama sakafu. "Ningejitetea, ningemshtaki mtoto wako mbele ya mjomba wake."

Punje za rozari zilisimama. Mama Magreti alishusha pumzi, akapigapiga kitanda kwa kiganja. "Njoo ukae hapa."

Eva akakaa. Walikaribiana kiasi cha mabega kugusana.

"Mimi najua," mama alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Nilikuwepo Namungo. Nilifika nyuma yake. Nilimkuta anasali, nikamwona siku ileile anaacha. Kwenye mazishi mkono wake haukuinuka kufanya ishara ya msalaba. Nilijua kabla hujaja Nachingwea, kabla sijawahi kulisikia jina lako."

"Sasa mama, kwa nini..."

"Kwa sababu hata mimi nilisali siku ile." Macho yale makubwa yalijaa maji. "Kama si wewe, ni nani? Ningesema ni Mungu, ningebaki naye vipi humu ndani, sisi wawili tu, kila jioni? Metho aliponitajia wewe, nilipumua. Nikasema, afadhali. Ni yule mwanamke."

Hasira aliyokuja nayo Eva haikupata pa kukaa. Aliuchukua mkono wa mama, mgumu, wenye harufu ya mbaazi, akaushika.

"Hiyo mitambo yenu," Mama Magreti aliuliza, akiitazama ile picha ukutani, "inayoona mbali hivyo. Haijaona wanakokwenda?"

"Haiwezi kuona hayo, mama. Haikutengenezwa kwa hayo." Eva naye aliitazama picha. "Lakini mimi naamini Dickson yuko kwa Mungu. Hilo sikulisoma kokote. Nimelishika tu."

"Na ukisali anakujibu?"

"Siku nyingine sisikii kitu."

"Hata mimi," mama alisema. Kisha, kama mtu anayeomba maji ya kunywa: "Tusali."

Walianza Baba Yetu pamoja. Mmoja akasema litukuzwe, mwingine akasema litakaswe, wakapishana, wakasubiriana, wakaendelea. Katikati ya sala Eva aliona kivuli mlangoni. Methodius alikuwa amesimama pale. Alikuwa amesikia yote. Uso wake ulilowa, midomo yake ilichezacheza, lakini haikutoa neno. Walipofika amina, alikuwa ameondoka.

Mama Magreti alimfuta Eva machozi kwa ncha ya khanga yake.

"Nimekukosea," alisema. "Mimi nimekukubali. Nitakuwa mama yako, ukitaka."

"Asante, mama. Lakini mjomba bado anaamini ni mimi. Kesho kijiji kizima kitaamini. Hilo wewe usimwambie. Amwambie Metho."

Nje, lori lilishaanza kupiga honi. Watu walikuwa wanapandisha magunia ya mwisho. Eva alivuka uwanja na mkoba wake, Mama Magreti nyuma yake. Methodius alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mikono imeshika usukani kama anayetaka kuondoka bila kujua aelekee wapi. Eva alimpitia karibu sana.

"Mama anajua," alimwambia kwa sauti ya chini. "Umesikia kwamba anajua. Hakuna tena wa kumwogopea. Amebaki mjomba peke yake."

Methodius alitikisa kichwa, ndiyo.

Eva akakanyaga tairi, akashika ubao wa lori. Hapo akasimama. Hakupanda. Alitaka kusikia.

"Hee!" mjomba Kasmiri aliita akitokea kibarazani. "Metho! Mbona mgeni anapanda lori? Si ulimleta mwenyewe kwa pikipiki? Kuna nini?"

Methodius alimwangalia Eva. Ndani ya macho yale Eva aliuona upendo wote aliowahi kuutaka, haukupungua hata kidogo, na akausikia moyo wake mwenyewe ukimsihi: sema, Metho. Sema kwamba ni wewe. Sema tu jina la Dickson, mengine nitasema mimi. Nitashuka.

Methodius aligeuka kwa mjomba wake.

"Anawahi, mjomba," alisema. "Kesho ana vipindi vya asubuhi."

Mama Magreti aliinamisha uso wake kwenye khanga.

Eva alipanda. Alikaa juu ya gunia, uso ameugeuzia mbele, mkono ameukaza juu ya ubao mpaka vidole vikafa ganzi. Lori lilinguruma, likaanza kusogea. Nyuma alisikia sauti ya mwanamke ikimwita, "Eva! Eva, mwanangu!" na neno lile, alilolingoja tangu afike, lilimchoma kuliko yote ya siku ile.

Ndipo alipolia, kwa sauti, mbele za watu, bila kujificha. Mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa amepakata kuku wake alimsogelea, akamwekea mkono mgongoni.

"Pole, binti yangu. Umefiwa?"

Eva aligeuka nyuma. Vumbi lilikuwa bado halijamfunika Methodius.

"Hapana, mama," alisema. "Ni mzima. Yule pale, amesimama."